Tulivyoomba Upepo Utulie

Khuwair ya Kusini, Maskati
Mfunguo Mosi, baada ya Idi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na ya pili pia pokea, ni badala ya ile ya siku ya Idi iliyokatika hewani kabla hujaitikia. Magoti yanasemaje huko Tabora? Na kile kikohozi nilichokisikia kabla ya Idi, ukaniambia ni ubaridi wa mvua tu, kimeondoka? Usinifiche, Mama. Mdogo wangu Sauda naye amekuwa mjanja siku hizi. Nikimuuliza ananijibu, "Mama hajambo, anakula vizuri," haraka haraka kama mtu aliyekaririshwa.

Mimi mwili wangu hauna neno. Nakula, nalala, hata mafua sijapata. Moyo ndio haujakaa sawa, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu nikianza tu nalia, wewe ukinisikia presha inapanda, kisha Sauda ananigombeza mimi. Barua hii anakuletea Zuhura, yule mwenzangu wa Urambo anayefanya kazi nyumba ya jirani. Amepata likizo. Vaa miwani yako, kaa barazani, usome polepole, na usimpe mtu akusomee.

Nilikuambia kwamba Bi Zuweina ametutoka. Ukasema "Inna lillahi", mtandao ukakata, na tangu hapo hatujazungumza vizuri. Nataka ujue alivyokwenda. Huyu mama nimemwogesha, nimemlisha, nimempaka mafuta ya miguu kila asubuhi tangu nilipofika nchi hii, na nimemjua kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zetu. Alizaliwa Unguja, akavuka huku akiwa msichana, lakini Kiswahili chake hakikuvuka, kilibaki kulekule mtaani kwao Malindi. Alikuwa akinitania tangu asubuhi. "Nyinyi watu wa bara," ataniambia, "hata Idi mwala ugali." Namjibu, "Bibi, ugali wenyewe jana umekula sahani nzima." Anacheka mpaka anakohoa, inabidi nimnyanyue mto.

Moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alisema unasukuma kwa shida, maji yanajaa mapafuni. Alilala chumba cha chini, karibu na jiko, ili nimsikie akiita. Watoto wake ni wawili tu waliobaki. Wa kwanza ni Bwana Salim, ambaye ndiye mwenye nyumba, anafanya kazi wizarani hapa Khuwair, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti hata barabarani. Wa pili ni Thuraya, kitinda mimba, hakuolewa, kazi yake ni elimu ya bahari. Watoto wa wenzie wakisomea udaktari na sheria, yeye alisomea maji ya chumvi. Bi Zuweina alikuwa akilalamika kwa wageni, "Wangu mie kaposwa na bahari," lakini ukimtazama usoni unaona anajivuna.

Mwaka huu Thuraya alikwenda Ncha ya Kusini, chini kabisa ya dunia, na meli ya wataalamu. Walikwenda kupima namna upepo, barafu na bahari vinavyoendeshana. Mimi nilidhani barafu ya huko imekaa tu, kama mlima. Kumbe kuna barafu ya nchi kavu na kuna barafu ya bahari, na hii ya bahari ni maji yaleyale ya juu yaliyoganda, yanaelea mapande mapande, mengine makubwa kama mtaa mzima, na hayatulii. Siku ya kuondoka alimbusu mamake mikononi, akamwambia atarudi kabla ya Ramadhani. Bi Zuweina akamwambia, "Niletee kipande cha hiyo barafu, nkione." Thuraya akacheka, akasema ataleta.

Sasa kuna jambo ambalo lazima nikueleze, bila hilo hutaelewa mengine. Bi Zuweina alikuwa ameshaandaa vitu vyake vya safari ya mwisho. Sanda, kafuri, udi, na mfuko wa majani makavu ya mkunazi ya kuoshea, vyote kwenye kabati, ameviwekea karafuu visiingie wadudu. Alinionyesha mwenyewe. Na wasia wake ulikuwa mmoja: "Nikifa, anoshe Thuraya." Si kwamba hampendi mkamwana wake, Asma, mkewe Bwana Salim. Alisema tu kwamba Thuraya ndiye mtoto wa mwisho kutoka tumboni mwake, basi awe wa mwisho kumgusa. Watu wote wa nyumba walilijua hilo, hata wale wajukuu.

Ramadhani ikaandama, Thuraya hakufika. Meli ilikuwa imekwama.

Alituletea habari kwa ujumbe wa sauti, mtandao wao wa kule unakuja na kwenda. Mimi ndiye nilikuwa nashika simu karibu na lile sikio la Bi Zuweina linalosikia vizuri. Alisema hivi, nakumbuka kwa sababu tuliurudia mara nyingi: "Mama, usiwe na khofu. Meli nzima, chakula tele, watu wote wazima. Ila upepo unavuma kutoka baharini kwenda bara, unasukuma barafu yote ije pwani, na sie tuko katikati. Upepo unasukuma barafu, barafu inaburura maji yaliyo chini yake, na maji nayo yana njia yake, yanairudisha barafu upande. Hata haiendi kule inakosukumwa, Mama. Kama kile kigari cha dukani chenye gurudumu bovu, wewe wakisukuma mbele, chenyewe chakwendea kushoto."

Bi Zuweina akasema, "Kwani si yeye mwenyewe aliyekuwa akisema barafu ya dunia inakwisha? Hiyo ya kumfunga mwanangu imetoka wapi?"

Nikamrekodia swali lake, tukalituma. Jibu lilikuja baada ya futari. Thuraya alisema ni kweli imepungua, tena sana, na ndiyo kazi iliyompeleka. Lakini barafu ikiwa nyembamba upepo unaichezea unavyotaka. Zamani ilikuwa nene, imeshikana. Siku hizi inavunjika, inasukumwa, inapandana yenyewe kwa yenyewe mahali pamoja, na ukiwa mahali hapo umekwama. Mamake akatikisa kichwa. "Maskini," akasema. Sikujua kama anamwambia mwanawe au anaiambia barafu.

Basi ndipo tulipofanya tulichofanya. Bi Zuweina aliagiza wanawake wa mtaani waje kufuturu kwetu, wale wa asili ya Unguja na Pemba wanaojuana tangu ujana. Walikuja na mikate ya kumimina, na sambusa, na mabirika ya kahwa. Kabla ya kuonja tende, Bi Zuweina akainua mikono, sote tukainua, akaomba upepo wa kule utulie. Alisema alipovuka bahari akiwa msichana, bahari ilichafuka, watu wazima wakasoma dua hiyohiyo na upepo ukalala, wakafika salama. Kwa hiyo yeye dua ya safari aliijua moja. Tukaitikia amina kwa nguvu mpaka wajukuu wakatoka vyumbani kuangalia. Na kila futari baada ya hapo ikawa vivyo hivyo. Mimi mwenyewe nikiwa jikoni nakaanga bajia nilikuwa nasema kimoyomoyo, Ya Rabbi, utulize upepo.

Na ukatulia, Mama. Wallahi ukatulia.

Thuraya akaleta ujumbe: "Mama, upepo umelala. Kimya kitupu. Hata maji husikii." Bi Zuweina alilia kwa furaha, akaniambia nipike pilau, akataka khanga yake nzuri. Asma akapiga simu kwa majirani. Mimi peke yangu sikuipenda ile sauti. Nimekaa na watu wagonjwa miaka mingi, najua mtu anavyosema "mzima" wakati si mzima. Lakini nikasema labda ni uchovu wa swaumu yangu.

Siku ya pili yake akapiga mwenyewe, safari hii tukasikilizana vizuri. Mamake akamwambia kwa shangwe kwamba sote tunamuombea, kila futari, upepo utulie. Kisha Thuraya akasema, taratibu sana:

"Mama, nnakuomba. Msiombe utulivu. Ombeni upepo."

"Upepo gani tena?"

"Upepo wa kutoka bara, Mama. Mkali. Ule unaoporomoka kutoka kwenye milima ya barafu kuja baharini. Huo ndo unaoisukuma barafu itoke pwani, bahari ikafunguka. Upepo ukilala na baridi ya huku, zile nafasi za maji baina ya mapande zinaganda usiku mmoja. Mapande yanashikana. Jana palikuwa na njia ya maji mbele yetu, leo haipo."

Bi Zuweina alinitazama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu namna ile. Akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe nlikuwa nnamfungia mwanangu mlango. Kwa dua zangu mwenyewe."

Thuraya alisikia, akaanza kusema, "Si hivyo, Mama, hali ya hewa haina..." na simu ikakata. Bwana Salim aliporudi kutoka kazini alikaa kitandani kwa mamake, akamwambia dua haipotei, Mungu anajua alichokusudia, wala upepo wa Ncha ya Kusini hauendeshwi na futari ya Khuwair. Alimwambia maneno mazuri. Mamake aliitikia, "Ndivyo, mwanangu, ndivyo," lakini pilau hakuigusa, na khanga aliniambia niirudishe kabatini.

Jioni hiyo tulikuwa wawili tu chumbani. Adhana ilipokaribia akainua mikono. "Ya Rabbi," akasema, "mletee mwanangu upepo." Akasita. Akajaribu tena. "Mletee upepo..." Halafu akanigeukia. "Mwamvua, hilo la mkali nisemee wewe. Mie ulimi haunipi. Mama gani anamuombea mwanawe tufani?"

Nikasema mimi. "Mkali, ya Rabbi." Yeye akasema amina. Tukafungua kwa tende moja tukagawana, kwa kuwa hakutaka nzima. Yeye saumu hakuwa akifunga tena kwa ajili ya dawa, lakini alikuwa akingoja magharibi pamoja nasi kila siku kwa adabu tu.

Tuliomba hivyo siku zilizobaki. Nikawa naamka asubuhi, kitu cha kwanza natazama miti ya nje kama inatikisika, kama kwamba upepo wa huku ndio wa kule. Ulikuwa ujinga, najua. Lakini mtu ukingoja unashika chochote.

Mwili wake ukaanza kumuacha. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Tulimpeleka hospitali, wakamtoa maji, akakataa kubaki. Alisema Thuraya akija atamtafuta nyumbani, si wodini. Bwana Salim alitaka kumwambia dadake ukweli, mama akamkataza: "Usimtie roho juu. Mtu yuko pahala hawezi kukimbia, wamwambia ya nini?" Lakini Thuraya si mtoto. Alizisikia zile pumzi kwenye ujumbe wa sauti. Aliniandikia mimi, pembeni: "Mwamvua, dada'angu, niambie wewe. Mama anaondoka?" Nilikaa na ile simu jikoni muda mrefu. Mwishowe nikamwandikia, "Omba upepo." Akaelewa.

Unaweza kuuliza, kama nilivyouliza mimi, kwa nini wasimchukue kwa ndege. Bwana Salim alinieleza. Ukungu ulikuwa mzito, meli nyingine za karibu zisingeweza kuingia, na nahodha hawezi kuhatarisha watu kwa sababu ya mmoja mwenye mama mgonjwa. Hakuna aliyekosea hapo. Ndiyo maana inauma, Mama, hata wa kumkasirikia huna.

Kabla ya kufa alinishika mkono, akaniambia, "Kama Thuraya hakuwahi, mikono yako nnaijua." Nikamwambia, "Atawahi, Bibi." Akanitazama vile anavyonitazama nikimwambia chumvi nimetia kidogo.

Alikufa asubuhi, jua limeshatoka, Ramadhani inakaribia kwisha. Nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Nilisikia pumzi moja, nikangoja ya pili.

Bwana Salim alipiga simu melini, na kwa bahati wakapatikana. Alisimama ukumbini, mimi na Asma tuko mlangoni. Alimwambia dadake. Kisha tukasikia mashine ya meli inanguruma kule kwake. Bwana Salim akamuuliza, "Nahodha anasemaje?"

"Anasema huenda kesho, huenda wiki ijayo. Hajui. Hakuna anayejua."

"Nimsubirishe? Naweza kuuliza hospitali wamweke."

Wewe unatujua, Mama. Maiti kwetu hachelewi, anazikwa siku ileile. Kumwacha mama kwenye friji ya hospitali, kumgandisha ili mwanawe aliyegandishwa apate kuja, mimi niliposikia Bwana Salim akilisema tu nikamshika Asma mkono. Lakini nilijua kwa nini anauliza. Ulikuwa wasia. Thuraya alilia, ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilia, halafu akasema, "La, kaka. Baridi hii mie naijua. Sitaki Mama aijue. Mzikeni."

Kisha akauliza, "Mwamvua yupo?"

Ndivyo nilivyomwosha. Tulikuwa watatu, mimi na Asma na mama mmoja wa mtaa anayejua mambo ya kuosha maiti, yeye ndiye aliyetuongoza. Thuraya aliomba simu iachwe wazi. Ndani haikufaa, tukaiweka juu ya kiti nyuma ya pazia, na mimi nikawa namwambia tunapofika. Lakini sauti zilikuwa zinachelewa. Nikasema, "Thuraya, tunaanza upande wa kulia." Kimya. Tukaosha mkono wa kulia, ubavu, paja, mguu, maji ya mkunazi yananukia kama siku ile aliponionyesha kabati. Tumeshahamia kushoto ndipo sauti yake ikatoka nyuma ya pazia: "Bismillahi. Kulia kwa mama yangu." Asma akaacha kata ya maji, akageukia ukutani. Yule mama wa mtaa akasema, "Endeleeni, wanangu, maji yasipoe." Tukaendelea. Na hadi mwisho ilikuwa hivyo, sisi tuko mbele na yeye anatufuata nyuma. Tulipomaliza kumfunga sanda, kwenye simu ndiyo kwanza anasema, "Miguu, Mwamvua, mpakeni vizuri miguu, ilikuwa ikimuuma."

Wanaume walimchukua, wakamswalia, wakamzika kabla ya magharibi. Sisi tukabaki na vyombo.

Upepo ulikuja siku ya pili yake.

Mama, sijui nikuandikie vipi hapa. Nilikuwa napiga pasi. Ujumbe ukaingia, sauti ya Thuraya inapigana na mvumo mkubwa, kama mtu anaongea huku lori linapita: "Umekuja! Kutoka bara, mkali kweli. Barafu inaondoka, tunaona maji, meusi, yanafuka moshi. Tunatoka!" Yaani alivyosema unadhani amesahau, kwa furaha ya mwili tu ya kufunguliwa. Na mimi, Mungu wangu, mimi nilitupa pasi nikakimbia chumba cha chini na simu mkononi. Nimeshasema "Bibi!" Nimeshafika kitandani. Godoro lilikuwa limekunjwa, dirisha wazi. Nilikaa chini sakafuni nikauchezesha ule ujumbe peke yangu mpaka mwisho. Mwishoni ulikuwa na kilio, alikuwa amekumbuka.

Idi hatukuifanya. Tulipeleka zaka, watoto wakavaa, basi.

Thuraya amefika wiki iliyopita, amekonda, midomo imepasuka kwa baridi. Hakuja na mizigo mingi. Aliingia chumba cha mamake akafunga mlango, na sisi tukamwacha. Siku zilizofuata alikuwa akija jikoni, anakaa kwenye kistuli, ananitazama nikipika. Siku moja akaanza kusema mwenyewe, bila kuulizwa, kuhusu ule upepo. Alisema usidhani ulikuja bure. Unapoisukuma barafu ikaondoka pwani, bahari inabaki wazi, imefunuliwa kama sufuria, joto lake linapotea hewani, inaganda upya. Upepo unaiondoa hiyo nayo, inaganda tena. Na kila maji yakiganda yanaitoa chumvi yao nje.

Nikamwambia, "Kama barafu za Mama." Akauliza zipi. Nikamwelezea, Mama, barafu zako za ukwaju, ulivyozifunga kwenye vifuko ukazipeleka kwenye friji ya Mama Neema, na zikiganda pembeni panakuwa peupe hapana ladha, utamu wote na rangi vimekimbilia katikati. Tulivyokuwa tunatoboa kona tunafyonza utamu, tunabaki na kipande cheupe. Thuraya alicheka, kicheko cha kwanza tangu arudi. "Ndivyo hasa," akasema. "Sasa ule utamu ndo chumvi. Inashuka, na yale maji ya chini yanakuwa mazito, baridi, yanazama mpaka sakafu ya bahari. Kisha yanaanza kutambaa polepole, dunia nzima. Mengine yanafika mpaka huku kwetu, chini kabisa." Akaongeza, "Yale yaliyozama siku ile, siku ya pili ya Mama kufa, yatafika huku sie wote hakuna anayetujua."

Ijumaa Bwana Salim alitupeleka makaburini, mimi na Thuraya. Alibaki kwenye gari kidogo ili dadake apate nafasi. Thuraya alikuwa amebeba chupa ya chai, ile ya kuhifadhi moto. Nikadhani ni kahwa, nikashangaa. Akaifungua, ilikuwa maji matupu. Alisema ndiyo kile kipande mamake alichoagiza. Alikiokota kwenye barafu kuukuu ya bahari, iliyokwisha kutoka chumvi, akakitia humo, na mpaka anafika bandarini kilikuwa kimeshayeyuka. Alionja tone moja, akanipa nami nikaonja. Hayana chumvi, Mama. Akayamwagia kaburi kuanzia kichwani, pole pole, mpaka miguuni, na miguuni akayamaliza yote.

Tukakaa pale. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Akaniuliza, bila kunitazama, "Mwamvua, mama yako yuko wapi?"

"Tabora."

"Mzima?"

"Anakohoa."

"Hujamuona tangu lini?"

Mama, wewe unajua tangu lini. Kila likizo ikija nasema mwakani. Mara paa la nyumba, mara ada ya mtoto wa Sauda, mara Bi Zuweina hali yake haifai kuachwa. Na zote zilikuwa sababu za kweli.

Akaniuliza, "Kati yako na yeye kuna barafu?"

Nikasema, "Hakuna."

Alifunga chupa yake, tukarudi garini.

Mama, nimeshaongea na Bwana Salim. Hakuniacha hata nimalize, alisema, "Nenda, na ukae." Tiketi ananikatia yeye. Zuhura anatangulia na barua hii kwa sababu nafasi yake ilikuwa imeshakatwa, mimi nafuata mara karatasi za ruhusa zikitoka. Usifagie nyumba kwa ajili yangu, usichinje kuku, usipande kitandani kubadilisha mashuka na magoti hayo. Kama Mama Neema bado ana friji, nigandishie barafu moja ya ukwaju tu. Na kwenda kumuona daktari wa hicho kikohozi usiningoje mimi, nenda kesho, Sauda akupeleke.

Najua utaniombea safari. Nakuomba kitu kimoja, usiniombee mvua inyeshe wala isinyeshe, upepo uvume wala utulie. Sisi hayo hatuyajui. Niombee nikukute.

Nisalimie Sauda mdogo wangu, mwambie sijakasirika ila aniambie ukweli. Nisalimie mjomba Rajabu fundi baiskeli, shangazi Mwanahawa muuza asali, na Mama Neema mwenye friji yake. Waambie wale waliokuwa wakimsalimu Bi Zuweina kupitia kwangu kwamba salamu zao zilikuwa zinafika, na alikuwa akizipenda.

Ni mimi mwanao ambaye njia yake iko wazi,

Mwamvua